Mkate Ulioumwa Mara Tatu

Panya wa Karatuti mwaka ule walikuwa wamenenepa hadi paka wakawa wanawapisha njia na kuwaamkia shikamoo. Anayebisha na abishe. Bibi Hosiyati aliwaona kwa macho yake, na alikuwa na miaka sabini na saba, umri ambao mtu hana tena haja ya kumsingizia panya.

Ilikuwa asubuhi, siku tatu kabla ya Siku ya Kumbukumbu na Heshima, siku ambayo nchi nzima huwakumbuka waliokwenda vitani wasirudi. Hosiyati alipanda juu ya sanduku lake la harusi, ufagio mkononi, apanguse ukuta. Kwenye ukuta huo, juu ya msumari, ndani ya kitambaa cheupe, ulining'inia mkate wa mumewe. Akaugusa kwa ncha ya ufagio, autoe vumbi. Mkate ukalia mtupu kama kibuyu. Akaushusha, akafungua kitambaa, akakuta ganda, mavi ya panya, na kipande kimoja cha ukingo kisichozidi kiganja cha mtoto. Pale penye alama za meno hapakuwa na kitu.

"Lo!" akasema. "Mmemla Egamberdi wangu."

Hakuna aliyemsikia. Nyumba ile haikuwa na mtu mwingine tangu mama mkwe alipofariki, na mforsadi uliopandwa siku ya matanga yake sasa mtu mmoja haukumbatii.

Kule Karatuti, kijana akiitwa vitani, mama yake humshikia mkate mzima pale langoni, naye huuma mara moja, ukingoni, kisha akaenda zake. Mkate hutundikwa ukutani kumsubiri. Aliyeuma ni lazima arudi aumalize. Mkate una amri kuliko jenerali. Kwa hiyo hauliwi, hautupwi, wala hakuna anayeushusha. Katika vita ile kubwa mikate arobaini na mitatu ilitundikwa kijijini. Aliyerudi akaumaliza wake ni mmoja tu, Sotvoldi. Iliyobaki ilishushwa mmojammoja, kila barua nyeusi ilipofika, ikavunjwa na kugawiwa msibani. Wa Egamberdi haukushushwa. Barua yake ilikuja mwaka arobaini na nne, na haikuwa nyeusi wala nyeupe. Ilisema hajulikani alipo. Hosiyati, ambaye hakujua kusoma, aliomba asomewe mara tatu, akasema, "Basi. Hata mimi sijui ufunguo wa ghala ulipo, lakini upo."

Alisikia lango likilia. Mbio, akachukua bakuli la chai, akalifunga ndani ya kitambaa, akakitundika tena msumarini. Mabaki ya mkate akayakalia.

Aliyeingia, bila hodi kama kawaida yake, ni Risolati, karani wa kamati ya mtaa, faili kwapani. Mwanamke wa miaka arobaini mwenye haraka hata akiwa usingizini.

"Bibi Hosiyati, upo?"

"Sipo. Nimeolewa Tashkenti."

"Hongera! Bwana harusi ana meno?"

"Anayo yote. Ndicho nilichomfuatia."

Risolati akacheka, akaketi bila kukaribishwa. "Bibi, jiwe jipya limefika. Marumaru nyeusi, unajiona ndani yake kama kioo. Majina arobaini na moja yameshachongwa. Mchongaji ameacha mstari mmoja chini kabisa. Atakaa na nyundo yake mpaka saa sita mchana ya sikukuu, halafu anafunga mzigo. Dole gumba lako tu hapa kwenye karatasi."

"Na afunge sasa hivi. Jiwe ni la wafu, mwanangu. Wangu mkate wake uko ukutani."

Wote wawili wakalitazama bakuli.

"Kamati ya kwanza uliifukuza kwa kijiti cha tanuri," Risolati akasema. "Ya pili uliiachia jogoo."

"Jogoo alijiachia mwenyewe. Alikuwa na akili yule."

"Mimi sikuja kugombana. Nina swali moja tu, halafu nanyamaza."

"Wewe kunyamaza? Leo ng'ombe watataga."

"Bibi yangu," Risolati akasema, na sauti yake ikapoteza ile haraka. "Huna mtoto. Egamberdi hakuwa na ndugu. Siku utakapofumba macho, nani hapa Karatuti atalitaja jina lake? Mkate wako wataushusha wageni wasiojua hata aliyeuuma ni nani."

Hosiyati alikuwa na jibu la kila kitu duniani. Aliwahi kumjibu mbunge, akamjibu daktari, akaijibu hata radi.  Safari hii akaanza kuhesabu shanga za mkufu wake.

"Fikiri," Risolati akasema akisimama. "Na asubuhi ya sikukuu nakuletea watu. Watoto wa shule, wakubwa wa wilaya. Wanataka kuuona mkate."

"Kuuona?"

"Na kuupiga picha! Alama za meno ya miaka sitini! Mkoa mzima hakuna mwingine."

Akaondoka. Hosiyati akabaki amekalia mabaki, na jambo alilojua yeye peke yake chini ya mbingu: kwamba ule haukuwa mkate wa Egamberdi. Wala uliotangulia. Wala uliotangulia huo.

Mkate wa kweli uliishi miaka saba. Mama mkwe, ambaye kwa kulia macho yalikwisha, aliamka kila alfajiri, akapapasa ukuta, akatia kidole pale kwenye alama za meno ya mwanawe, ndipo akaomba dua. Mwaka wa saba fukusi waliingia. Siku moja Hosiyati aliugusa mkate, ukamwagika chini kama unga wa ulezi. Mama mkwe alikuwa amelala. Hosiyati hakulia hata kidogo, hakuwa na nafasi. Alizoa lile vumbi lote, akalichanganya kwenye unga mpya, akakanda, akawasha tanuri, na mkate ulipoiva akauuma mwenyewe, akautundika ungali wa moto.

Alfajiri mama mkwe akapapasa. Akasita. Akapapasa tena.

"Hosiyati."

"Labeka, mama."

"Mwanangu amepungua mdomo. Huko hawamlishi."

Tangu hapo Hosiyati alijifunza kuuma mara tatu kwa mstari, ili meno yake ya kisichana yatimize mng'ato mmoja wa mumewe. Na kila fukusi au unyevu ulipouharibu mkate, aliusaga uliobaki, akaukanda ndani ya mwingine. Mama mkwe alikufa kidole chake kikiwa na chembe za mkate. Wachumba walikuja, akawaonyesha ukuta: "Muulizeni mwenye mkate." Wa mwisho alikuwa dereva wa trekta, mwanamume mrefu hivi kwamba kofia yake ilikuwa ikipata mvua kabla ya kijiji. Naye akarudi alikotoka. Subira huvuta heri, husema watu. Ya Hosiyati ilivuta panya.

Mara moja tu alijaribu kuhama. Dada yake wa Andijani alimwita waishi pamoja, wazeeke wakichekana. Akaenda. Nyumba ilikuwa na watoto tisa, kelele tupu, na kila mmoja alitaka kulala naye. Siku ya kumi na moja alifunga furushi. "Nani kakuudhi?" dada akamuuliza akilia. Hosiyati hakuweza kumwambia. Ukutani kule Karatuti kulikuwa na mkate, na aliyeuuma ni yeye. Aliyeuma hurudi.

Huu wa sasa ulikuwa wa kumi na moja. Asingetishika, kuoka angeoka wa kumi na mbili, lakini hakuwa na jino. Alikuwa nalo moja, mbele, mpaka mwezi wa tatu, walipopika ule uji wa ngano wa mwaka mpya wa jadi. Wanawake hutia mawe madogo chunguni usishike chini, na atakayelikuta jiwe katika bakuli lake mwaka wake ni wa bahati. Hosiyati alilikuta. Kaaa! Jino likaenda na bahati. Wanawake wote wakampigia vigelegele.

Kesho yake aliwasha tanuri. Alichuja unga, akakanda, akapiga mkate muhuri wa maua katikati, akaubandika kwenye ukuta wa tanuri kwa mkono mtupu, maana mkono wake ulikuwa umezoea moto hata makaa yalikuwa yakimsogelea kuomba joto. Ganda la mkate wa zamani alikuwa amelisaga lote, akalitia katika unga. Kile kipande cha ukingo alikishika, akakitazama, akakirudisha mfukoni. Hakujua kwa nini. Mkate ulipotoka, akaufunga katika shali, akaelekea kwa Sotvoldi.

Sotvoldi, mzee wa miaka themanini, aliketi uani kwake chini ya mizabibu, akisugua nishani zake kwa majivu. Vitani alipoteza vidole vinne vya mguu na meno yote ya mbele. Warusi walimpa ya chuma. Akicheka kwenye jua, ndege walikuwa wakigeuza njia.

"Shemeji Sotvoldi, mdomo wako u mzima?"

"Mdomo wangu? Una nini?"

"Nataka kuuazima."

Mzee akaiweka nishani chini polepole. "Umechelewa, shemeji. Ungekuja mwaka hamsini na tatu."

"Mzee mzima huna haya! Mkeo anakusikia huko kaburini."

"Ananisikia, na anacheka. Haya, leta neno."

Hosiyati akaufungua mkate magotini. Ulikuwa bado una uvuguvugu. Sotvoldi akautazama, akamtazama yeye, akasema bila hata kupunguza sauti, "Wa kumi na mbili?"

Hosiyati alihisi uso wake ukiwaka kama aliyechungulia tanuri.

"Nauliza," mzee akaendelea. "Huu ni wa kumi na mbili, au nimeruka mmoja?"

"Unasema nini wewe?"

"Shemeji, kila sikukuu nakunywa chai kwako. Nakaa palepale, nautazama ukuta. Mwaka huu mkate mweupe, mwaka ule mweusi. Na yale meno! Mara tatu kwa mstari, kama mbuzi anayeshona. Egamberdi alikuwa na mdomo wa farasi."

"Miaka yote hiyo unajua, na hukusema?"

"Niseme kwa nani? Ungenikataza chai."

 Hosiyati akauliza, kana kwamba anauliza bei ya vitunguu, "Kwani wewe ulimwona akiuma?"

"Nilikuwa nyuma yake kwenye mstari. Wewe hukuona?"

Hakuona. Alikuwa na siku arobaini tu tangu aolewe, na mwali hajitokezi langoni mbele ya wakwe na wageni. Alisimama nyuma ya mlango wa mbao, paji la uso kwenye mbao, anangoja. Alisikia farasi. Alisikia wanawake wakilia, alisikia hata kuku. Sauti ya mumewe hakuisikia. Gari likaondoka. Mumewe alikwenda vitani bila kumwambia hata "haya," na jambo hilo lilimkaa kooni kama kokwa kwa miaka sitini kasoro miezi. Hakuna aliyejua. Wachumba aliwafukuza kwa ajili yake, na yeye mwenyewe moyoni alikuwa amemnunia.

"Basi sikia," Sotvoldi akasema. "Mama yake alipomshikia mkate, akaufakamia! Nusu ya ukingo ikaenda. Mama akamgombeza, 'Mlafi wewe, umeacha nini cha kurudia?' Tulicheka sote, hata yule askari mwenye orodha. Halafu mama akamwambia, 'Muage mkeo, yuko nyuma ya mlango.' Egamberdi akageuka. Akainua mkono hivi. Akafungua mdomo, mkate ukataka kudondoka. Nawe unajua, mkate ule ukianguka chini, ni nuksi, mtu harudi. Akaufunga mdomo upesi. Akatafuna. Askari akapiga filimbi. Akatafuna. Tukampandisha garini anatafuna, macho yamemtoka kama chura. Tulipopita kinu cha maji ndipo akameza. Akanishika bega, akasema, 'Sotvoldi, sijamuaga.'"

Kuku wa Sotvoldi wakapita. Hosiyati alikuwa ameshika ukingo wa mkate kwa mikono miwili.

"Mdomo ulikuwa umejaa," akasema.

"Mpaka masikioni. Kwani mama yake hakukuambia?"

"Mama alikuwa akilia."

"Nilidhani unajua," mzee akasema. "Na mke wa mtu, utaanza vipi kumweleza mambo ya mumewe?"

 Hosiyati akamsogezea mkate. "Uma, shemeji. Kesho kutwa wanakuja kupiga picha."

Sotvoldi akautazama kwa hamu na woga. Akatikisa kichwa.

"Chochote kingine, shemeji. Mkate niliwahi kuuma, nikarudi. Nilitambaa kwenye theluji siku mbili kwa sababu ya mkate. Nikiuma tena, itanibidi nirudi tena. Na safari iliyobaki mbele yangu, wewe unaijua, harudi mtu. Unataka nianze kuvunja ahadi uzeeni?"

Hosiyati akaufunga mkate wake, mzima, akashika njia. Ni mwendo wa nyumba kumi na moja tu kutoka kwa Sotvoldi hadi kwake, lakini siku hiyo ulimchukua alasiri nzima. Kwenye kinu cha maji, ambacho sasa ni ukuta mmoja na nyasi, alisimama akatazama barabara mpaka watu waliopita wakaacha kumsalimu.

Asubuhi ya sikukuu Risolati aliwaleta. Watoto wa shule na maua yao mekundu, bwana mkubwa wa wilaya na joho jipya la pamba la kumvika mzee Sotvoldi, mpiga picha, na nusu ya Karatuti, wakaujaza ua. Hosiyati alikuwa amevaa gauni lake la hariri na kupaka wanja. Chai ilikuwa tayari. Mezani, juu ya kitambaa cheupe, mkate mzima. Ukutani, msumari mtupu.

Risolati aliuona kwanza. "Bibi! Mkate uko wapi?"

"Umeliwa."

"Na nani?"

"Swali gani hilo? Na mwenyewe."

Mpiga picha akashusha mashine yake.

"Alikuja juzi, alasiri," Hosiyati akasema akimimina chai. "Nilikuwa nafagia. Vumbi tupu, kutoka kofia mpaka viatu. Nilimwambia nawa kwanza, akakataa. Akaushusha mkate mwenyewe, akakaa hapo ulipokaa wewe bwana mkubwa, akaula wote. Chai akasema nyepesi. Sikumjibu, ni mgeni."

Mtu mmoja nyuma akaguna, akapigwa kiwiko. Binti mdogo wa shule akauliza, "Bibi, alikuwa amezeeka?"

Mkono wa Hosiyati ukasimama na birika.

"Hapana, mjukuu wangu. Ana miaka ishirini ileile. Alinitazama sana. Kisha akaniamkia, 'Shikamoo, bibi.'"

Hakuna aliyecheka. Bwana mkubwa wa wilaya akakohoa, akauliza kwa adabu kama anayeuliza habari za mgonjwa, "Na sasa yuko wapi?"

"Waliko wenzake arobaini na mmoja. Alimaliza kula akasema wanamngoja."

Risolati alikuwa anamtazama kwa macho yaliyojaa, hajui aamini nini. Ndipo mzee Sotvoldi, aliyekwisha kuvikwa joho lake jipya, akagonga fimbo chini.

"Ni kweli. Nilimwona langoni akitoka. Nikamsalimu, hakuitika. Mdomo ulikuwa umejaa."

Hosiyati akageuka, akamtazama. Yeye akawa anatazama chai yake.

"Haya, Risolati," Hosiyati akasema. "Leta hiyo karatasi. Mkate ukiisha, watu hutia dole."

Wino ulikuwa wa zambarau. Alibonyeza kwa nguvu hata karatasi ikataka kutoboka. Kisha akauchukua ule mkate mzima, akauvunja, akawagawia wote, na kila mtoto alipata chembe, kama inavyofanywa msibani. Walipomaliza wakaondoka kwenda kwenye jiwe, maana saa sita ilikuwa inakaribia na mchongaji alikuwa ameshaonekana akitazama jua.

"Hatukuachi hapa peke yako," Risolati akasema. "Twende, bibi. Kiti chako kiko mbele."

"Nendeni. Miguu yangu imekasirika leo. Nitasikia kutoka hapa, kipaza sauti chenu kinaamsha hadi Andijani."

Sotvoldi alikuwa wa mwisho kutoka. Alisimama langoni, akataka kusema kitu, akainua tu mkono, akaenda akichechemea na joho lake linaburuta vumbi.

Hosiyati akakusanya vikombe. Akafagia chembe, akawamwagia shomoro. Akaingia ndani, akausukuma mlango wa mbao nusu, akaketi nyuma yake sakafuni, mahali ambapo hakuwa amengoja tangu akiwa mwali. Akatoa mfukoni kile kipande cha ukingo. Kilikuwa kigumu kama kigae. Akakitia kwenye chai, akangoja kilainike, na kule mbali nyundo ikasikika, ko, ko, ko, muda mrefu, mtu anachonga.

Kisha kipaza sauti kikaanza kuita majina. Lilipofika la arobaini na moja alikitoa kipande kwenye chai, akakitia chote mdomoni, kwa mkupuo. Kilikuwa kikubwa kwa mdomo usio na meno. Kilikuwa na ladha ya moshi, ya vumbi, ya mikate kumi na mmoja.

"Egamberdi," kipaza sauti kikasema, na jina la baba yake, na mwaka.

Alikuwa na neno la kumwambia. Alikuwa nalo tangu vuli ile, nyuma ya mlango huu huu. Akafungua mdomo, mkate ukataka kudondoka. Akaufunga upesi, akatafuna.